Bango la Amri Kumi Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Mwenye Mtoto Katika Shule ya Umma Marekani

Mtoto mmoja wa familia ya Kikatoliki kutoka Bukavu alirudi nyumbani, hapa Texas, akamuuliza mama yake: "Mama, mbona Amri Kumi za shuleni si zile za katekisimu?" Siku alipoliona bango lile kwa mara ya kwanza, mama alikuwa amelifurahia. Sasa akarudi kulisoma kwa makini. Lilikuwa na mstari mzima unaokataza sanamu za kuchonga, mstari ambao haumo katika orodha aliyoikariri utotoni kabla ya komunyo ya kwanza. Kwa Mkatoliki, na kwa Mlutheri kama mimi, mtu akisema "amevunja amri ya sita" hakuna anayeuliza maana yake: amezini. Jirani Mpentekoste akihesabu, ya sita ni "usiue". Musa ni yule yule, mlima ni ule ule, ila orodha hazilingani. Mama akaanza kujiuliza ni nani aliyechagua hii iliyo ukutani, na alimchagulia nani.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake alipokwenda kuonana na mkuu wa shule. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo na Waislamu wa Mombasa na Zanzibar, na Wasabato wa Kisii, na Wakongomani wa makanisa ya kila aina. Wazazi wetu wengi huingia wakiwa wamejiandaa kuthibitisha kwamba wao ni watu wa Mungu. Sheria ya Marekani haina haja na hilo. Inauliza swali jingine kabisa: anayesema hapa ni nani, shule au mtoto? Lishike swali hilo unaposoma hatua zote zinazofuata. Mimi si wakili. Namna ya kumpata wakili bila malipo nimeieleza mbele.

Kwanza, ukuta wenyewe

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika 1791, yanataja dini mara mbili katika sentensi moja. Serikali hairuhusiwi kusimika dini, yaani kuifanya iwe ya dola, na serikali hairuhusiwi kumzuia mtu kufuata dini yake. Vifungu hivyo viwili ni ndugu. Anayekwenda shuleni akiwa ameshika kimoja tu atashindwa kujibu akitolewa cha pili.

Maneno "ukuta kati ya kanisa na dola" hayamo katika Katiba. Yanatoka katika barua ambayo Rais Thomas Jefferson aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, tarehe 1 Januari 1802. Wabaptisti hao walikuwa wachache katika jimbo ambalo sheria yake ililipendelea kanisa jingine, la Wakongregesheno, na walikuwa wamemwandikia rais wakilalamika. Nawakumbusha Wakristo wenzangu jambo hili kila nipatapo nafasi, kwa sababu tunaambiwa ukuta ule ni kazi ya wasioamini. Waliokuwa na kiu nao walikuwa watu wa ibada, waliochoka kusali kwa hisani ya serikali.

Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ilisema kwamba katazo la kusimika dini linayabana majimbo pia. Tangu hapo mwalimu wa shule ya umma, mkuu wake na bodi ya shule wote huhesabiwa kuwa ni serikali wanapokuwa kazini.

Hapa ndipo sisi tunapojikwaa, kwa sababu kwetu mambo ni tofauti. Tanzania, shule ya serikali ina kipindi cha dini, Wakristo na Waislamu wakienda kila mmoja kwa mwalimu wake. Kenya, shule nyingi za umma zina kanisa mfadhili lenye sauti katika uendeshaji wake. Kongo, tangu makubaliano ya 1977, shule nyingi ambazo walimu wake wanalipwa na serikali zinaendeshwa na Kanisa Katoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti au Waislamu. Mzazi aliyekulia huko akiona msalaba ofisini kwa mkuu wa shule haoni ajabu. Hana kosa, ila asidhani sheria aliyoiacha nyumbani ndiyo aliyoikuta hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni shule ya umma

Shule ya binafsi ya kanisa au ya msikiti inaweza kutundika chochote. Mwongozo huu hauihusu. Shule za charter ni za umma hata kama zinaendeshwa na kampuni au shirika. Oklahoma walijaribu kuanzisha charter ya Kikatoliki, mahakama ya jimbo ikakataa, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ya nchi iligawanyika nne kwa nne, hivyo katazo likabaki.

Hatua ya 2: Uliza nani anasema

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nami sitaipita haraka.

Kitu kikitundikwa na shule, kikisomwa kwa kipaza sauti cha shule au kikiongozwa na mwalimu akiwa kazini, hiyo ni sauti ya serikali. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu iliikataa sala fupi ya maneno 22 iliyotungwa na maofisa wa elimu wa New York, ingawa haikutaja dini yoyote na mtoto aliruhusiwa kunyamaza. Mwaka uliofuata ikakataa usomaji wa Biblia kila asubuhi kama ibada ya shule. Mwaka 1992, katika kesi ya Rhode Island, ikakataa sala ya kiongozi wa dini aliyealikwa na shule kwenye mahafali. Mwaka 2000, kesi ilitoka hapa hapa Texas, mji wa Santa Fe: mwanafunzi alikuwa akiomba kwa kipaza sauti kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Wilaya, yaani mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo, ilidai ni sauti ya mwanafunzi. Mahakama ikasema kipaza sauti, uwanja na ratiba ni vya shule, basi na sala ni ya shule.

Kuna kesi moja huwa naisimulia kwa sababu watu wetu wanaielewa upesi. Katika shule ya Bloomingdale, Michigan, ukumbini palitundikwa picha ya Yesu, ile ile yenye nywele ndefu na uso uliogeukia upande ambayo imo sebuleni kwa nyumba nyingi kwetu. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ilisema picha hiyo haiwezi kukaa pale. Ukutani kwako ni imani yako. Ukutani kwa shule, kila mtoto anayepita anaambiwa na serikali nani yuko ndani na nani ni mgeni.

Sasa geuza upande. Mtoto akisali kimya kabla ya kula, akivaa rozari, akibeba Kurani au Biblia na kuisoma wakati wa mapumziko, akimwalika mwenzake kanisani, akichora malaika kwenye kazi ya sanaa ambayo kila mwanafunzi amechagua mada yake, hiyo ni sauti ya mtoto. Shule inaweza kuweka utaratibu wa kawaida, kama vile kutosali kwa sauti katikati ya somo la hesabu, lakini haiwezi kuibana dini kuliko inavyobana mambo mengine. Mahakama ilikwisha sema mwaka 1969 kwamba mwanafunzi haachi haki zake langoni mwa shule.

Hijabu iko hapa pia. Mwaka 2003 msichana wa darasa la sita huko Muskogee, Oklahoma, aliadhibiwa kwa kuivaa, kwa madai kwamba kanuni inakataza vifuniko vya kichwa. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia kesi yake, na mwaka 2004 wilaya ikakubali kubadili kanuni. Mkuu wa shule akikuambia "hapa ni serikali, dini ibaki nyumbani", amechanganya mambo. Serikali ndiyo iliyofungwa mdomo katika dini. Mtoto wako hajafungwa.

Shule ya sekondari ikiruhusu klabu yoyote isiyo ya masomo, mathalani ya chesi, sheria ya 1984 inaitaka iruhusu na klabu ya Biblia au ya wanafunzi Waislamu, ilimradi wanafunzi wenyewe ndio wanaoianzisha na kuiongoza.

Halafu kuna mahali pa katikati, penye ubishi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kocha wa futiboli wa Bremerton, jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga goti na kusali uwanjani baada ya mechi, ikisema ilikuwa sala yake binafsi. Katika hukumu hiyo iliweka kando kipimo chake cha zamani cha 1971 cha kuamua kama serikali imesimika dini, na kuagiza majaji watazame historia na desturi za nchi. Hukumu hiyo ndiyo iliyowapa moyo wabunge wa majimbo kujaribu tena mambo yaliyokataliwa zamani. Mwalimu mwenye kidani cha msalaba shingoni hana kosa kwa kidani tu. Mwalimu anayewaambia watoto wainamishe vichwa amevuka mstari, hata leo. Tamasha la Desemba lenye nyimbo za Noeli kati ya nyimbo nyingine kwa kawaida linaruhusiwa kama sehemu ya somo la muziki, na mtoto wako akitaka kutoimba, omba asiimbe. Kufundisha kuhusu dini, Biblia kama fasihi au historia ya Uislamu, ni halali na ni vizuri. Hukumu ya 1963 yenyewe ilisema hivyo.

Na kiapo cha bendera? Tangu 1943, kwa kesi iliyofunguliwa na Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, hakuna shule ya umma inayoweza kumlazimisha mtoto asimame na kukitamka. Texas na Florida zinataka barua ya mzazi, kwa hiyo andika mapema na ubaki na nakala.

Hatua ya 3: Jua bango linatoka kwa nani na sheria ya jimbo lako inasemaje

Kisa cha Amri Kumi madarasani si kipya. Kentucky, jimbo ambalo leo lina Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili, liliagiza mabango ya namna hii katika miaka ya 1970, yakigharamiwa na michango ya watu, huku chini yakiwa na maandishi madogo ya kudai kwamba amri hizo ni msingi wa sheria za nchi. Novemba 1980 Mahakama ya Juu ilisema, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba lengo la bango ni la kidini na maandishi madogo hayabadilishi kitu.

Juni 2024 Gavana Jeff Landry wa Louisiana akasaini sheria inayotaka bango lisilopungua inchi 11 kwa 14 katika kila darasa la umma, kuanzia chekechea hadi vyuo vikuu vinavyopata fedha za jimbo. Aprili 2025 Arkansas ikafuata. Juni 2025 Gavana Greg Abbott akasaini ya Texas: inchi 16 kwa 20, yaani kama sentimita 40 kwa 50, mahali panapoonekana, kwa herufi zinazosomeka kutoka kila pembe ya darasa. Shule ya Texas ikiletewa bango lenye vipimo hivyo kama msaada, inatakiwa ilipokee.

Familia zikaenda mahakamani katika majimbo yote matatu: Wakristo, Wayahudi, wasio na dini na wengine. Mtu akikuambia kupinga bango ni kumpinga Kristo, mwambie miongoni mwa walioshtaki wamo wachungaji. Jaji wa Louisiana alilizuia bango Novemba 2024. Wa Arkansas na wa Texas wakafuata Agosti 2025, kwa wilaya zilizotajwa katika kesi. Ya Texas ilihusu wilaya 11, na baadaye mwaka huo jaji mwingine akaziongeza nyingine. Jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa ya New Orleans, inayohudumia Louisiana, Texas na Mississippi, liliunga mkono uamuzi wa Louisiana Juni 2025. Baadaye mahakama hiyo ikaamua kesi za Louisiana na Texas zisikilizwe upya na majaji wake wote kwa pamoja.

Kuna funzo la vitendo ndani ya mlolongo huo. Hukumu moja inaweza kuihusu wilaya ya jirani na isiihusu yako, na inaweza kugeuka kati ya muhula mmoja na mwingine. Kwa hiyo usiende shuleni na habari uliyoitumiwa kwenye WhatsApp. Uliza wilaya yako kwa maandishi maswali matatu: Je, wilaya yetu imo katika kesi yoyote? Bango hili limetundikwa kwa sheria gani? Nani alilitoa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuonyesha mlango wa kupiga hodi. Bango lililoletwa na mwalimu kwa hiari yake linaweza kushuka kwa mazungumzo ya dakika kumi na mkuu wa shule. Bango lililoamriwa na bunge la jimbo, mkuu wa shule hana mamlaka ya kulishusha, na kumgombeza ni kumwonea.

Maneno ya fedha ya Marekani, "Twamtumaini Mungu", ni kaulimbiu rasmi ya nchi tangu 1956, na majimbo kadhaa yameagiza au kuruhusu yatundikwe shuleni. Mahakama zimekuwa zikiyaachia. Nakushauri usitumie nguvu zako hapo.

Hatua ya 4: Zungumza na mtoto kabla ya kuzungumza na shule

Mwulize ameona nini, nani alisema nini, na yeye alijisikiaje. Usimlishe maneno. Mwulize pia anaogopa nini, maana mtoto wa darasa la nne anaweza kuogopa zaidi kuchekwa na wenzake kuliko kukerwa na bango. Ukiona ana hofu hiyo, usimpe ujumbe wa kupeleka kwa mwalimu. Barua ni yako wewe mzazi, mtoto asifanywe tarishi.

Halafu fungua daftari. Andika tarehe, chumba, jina la somo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Piga picha ya bango siku ya mkutano wa wazazi, darasa likiwa tupu. Usiwapige picha watoto wa wengine. Tunza fomu na vijitabu vyote vinavyokuja na begi la mtoto. Kitabu cha kanuni za shule kina ukurasa wa jinsi ya kulalamika, na ndani yake kuna siku za mwisho. Zitafute na uziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 5: Omba kikao na mkalimani, kisha andika barua

Kama Kiingereza kinakukwaza, una haki ya kupewa habari muhimu za mtoto wako kwa lugha unayoielewa. Haki hiyo inatokana na sheria za haki za kiraia za 1964 na ya fursa sawa katika elimu ya 1974, na shule haikutozi hata senti. Sema wazi ni Kiswahili cha wapi. Mkongomani wa Kalemie na Mswahili wa Lamu wanaelewana, lakini mkalimani akijua mapema hujiandaa vizuri. Usikubali mtoto wako awe mkalimani katika jambo linalomhusu yeye mwenyewe. Nimeona mtoto akipunguza makali ya maneno ya baba yake ili asimwaibishe mbele ya mwalimu, na kikao kikaisha bila shule kujua tatizo lilikuwa nini.

Wengine wanaogopa kwamba kulalamika kutaamsha maswali ya makaratasi ya uhamiaji. Hukumu ya 1982, iliyotoka Tyler, Texas, inasema kila mtoto ana haki ya shule ya umma bila kujali hali yake ya uhamiaji. Katika barua yako hakuna haja ya kutaja hali hiyo kabisa.

Barua iwe fupi. Mfano:

"Kwa Mkuu wa Shule. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nne. Tarehe fulani niliona katika chumba namba fulani bango la Amri Kumi. Familia yetu inamfundisha mtoto dini nyumbani, na hatutaki shule imfundishe dini kwa niaba yetu. Naomba unijulishe kwa maandishi bango hili limewekwa kwa sheria au agizo gani, nani alilitoa, na kama mwalimu analitumia katika somo lolote. Naomba pia mtoto wangu asitakiwe kulisoma kwa sauti wala kulikariri. Naomba kikao, na mkalimani wa Kiswahili. Natanguliza shukrani."

Shukrani hizo mwishoni ziache. Walimu wengi hawakulichagua bango hilo, na baadhi linawauma kama linavyokuuma wewe. Kikaoni, anza kwa salamu na habari za mtoto kama tulivyofunzwa, kisha nenda moja kwa moja kwenye jambo lako. Desturi ya kulizungukia ombi kwa adabu hapa humfanya msikilizaji afikiri huna ombi. Kabla ya kuondoka rudia kwa sauti mliyokubaliana, na jioni hiyo hiyo uyatume kwa barua pepe.

Hatua ya 6: Panda ngazi

Mwalimu, mkuu wa shule, ofisi ya wilaya, bodi ya shule. Usiruke ngazi, kwa sababu wilaya itakurudisha chini na siku za mwisho zitakuwa zinahesabika. Vikao vya bodi huwa wazi na kuna muda wa wananchi kuzungumza, mara nyingi dakika chache tu, na lazima ujiandikishe kabla. Nenda na wazazi wengine, hasa wa dini tofauti na yako. Mkatoliki, Mwislamu na Msabato wakisimama mmoja baada ya mwingine kusema kwamba kila mmoja wao anataka kumlea mtoto wake katika imani yake mwenyewe, bodi husikia kitu ambacho haikukitarajia.

Hatua ya 7: Soma kila fomu kabla ya kusaini

Sheria nyingine ya Texas ya 2025 ilizitaka bodi za shule zipige kura kuamua kama zitaweka kipindi cha sala na kusoma Biblia au kitabu kingine cha dini. Mtoto haingii humo bila idhini ya mzazi iliyosainiwa, na ndani ya fomu kuna kifungu cha kuacha haki ya kushtaki kuhusu utaratibu huo. Kuna wazazi wanaotaka kipindi hicho kwa moyo wote, na hiyo ni hiari yao. Lakini usisaini kwa sababu fomu imekuja pamoja na ya chakula na ya safari.

Texas pia imeidhinisha mtaala wa shule za msingi wenye visa vya Biblia, na wilaya inayoutumia huongezewa fedha, hadi dola 60 kwa mwanafunzi. Omba kuona vitabu. Iwapo kinachokukwaza ni somo na siyo ukuta, kumbuka hukumu ya Juni 2025 ya wazazi wa Montgomery, Maryland, Waislamu na Wakristo kwa pamoja, waliotaka kuarifiwa na kuwatoa watoto wao wakati wa kusomwa vitabu vya hadithi vinavyopingana na imani yao. Mahakama ya Juu iliwakubalia, sita kwa watatu. Ombi lako liandike ukitaja imani na somo lenyewe. "Sipendi" peke yake haitoshi.

Hatua ya 8: Nje ya shule

Kwa mabango na sala za shule, mashirika ya kutetea haki ya ACLU, Americans United na Freedom From Religion Foundation ndiyo yaliyosimamia familia za Louisiana, Arkansas na Texas, bila kuwatoza. Kwa mtoto aliyezuiwa kusali, kuvaa hijabu au kuanzisha klabu, CAIR husaidia Waislamu, na Becket huchukua kesi za dini zote. Becket ndio waliowatetea wazazi wa Maryland. Wizara ya Sheria ya Marekani ina kitengo cha haki za kiraia kinachopokea malalamiko ya ubaguzi wa dini katika shule za umma. Mashirika haya yana misimamo inayogongana. Chagua linalolingana na shida yako, na usishangae likikukatalia.

Familia inaweza kumwomba jaji majina yake yafichwe. Kesi ya Santa Fe ilifika hadi Mahakama ya Juu bila majina ya familia kujulikana. Mwulize wakili jambo hili siku ya kwanza.

Upande wa pili: kumwombea mtoto nafasi ya dini yake

Mengi ya haya hayahitaji ugomvi, yanahitaji barua ya mapema. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, omba mtoto anayefunga akae maktaba wakati wa chakula na apewe kazi nyepesi katika mazoezi. Kwa sala ya Ijumaa, kumbuka kwamba tangu 1952 shule zinaruhusiwa kumwachia mtoto atoke kwa ibada nje ya shule kwa ruhusa ya mzazi. Texas inatambua kutokuwepo kwa sababu ya sikukuu ya dini, pamoja na siku za safari ya kwenda na kurudi, kwa hiyo Idd haipaswi kuhesabiwa utoro ukiandika. Wasabato, mitihani ya kuombea nafasi ya chuo kikuu, SAT na ACT, ina siku mbadala kwa asiyeweza Jumamosi kwa sababu ya dini, ila ombi hufanywa wakati wa kujiandikisha.

Yule mama wa Bukavu alipata jibu la maandishi baada ya siku tisa. Bango lilibaki, kwa kuwa wilaya yetu haikuwa katika kesi yoyote wakati huo, lakini mkuu wa shule alikubali kwamba mtoto hatatakiwa kulisoma wala kulikariri. Miezi michache baadaye wakili mmoja alianza kuongea na wazazi wa wilaya yetu, akauliza kama kuna mtu anayejua bango lilitundikwa tarehe gani, na nani alilitoa. Mama alifungua daftari lake akamsomea.